Damu ya Kitanda cha Tatu

Sista hakulipenda neno gemu. Alipoingia dukani kwangu pale Voi, akivua kofia yake ya jua na kuuliza kama mashine ya pembeni iko wazi, alisema amekuja zamu. "Niko zamu mpaka saa nane," alisema, na watu waliokuwa wakingoja kutolewa kopi za vitambulisho waligeuka kumtazama, maana walijua amestaafu uuguzi zamani. Alikuja kila Jumanne na kila Ijumaa, akishuka kutoka Mbololo na kikapu cha mboga, na mboga zikishakwisha sokoni alikuja kwangu kuwaangalia wagonjwa wake. Wagonjwa wenyewe walikuwa wanne, nao waliishi ndani ya kompyuta.

Tulimzika mwaka huu, na mashine ya pembeni bado sijaikodisha. Wateja wananiuliza kama imeharibika, nami nasema ndiyo. Si kweli. Nina hamu naye, na nikimwona mtu mwingine amekalia kile kiti nashikwa na hasira ambayo siwezi kumweleza, kwa hiyo ni afadhali nidanganye kuhusu waya. Tena kuna jambo nililomfanyia, nikakaa nalo kimya kwa miezi, nikimwangalia usoni kila Jumanne na kila Ijumaa bila kumwambia. Nitalifikia. Lakini kwanza lazima mmjue mtu mwenyewe, la sivyo mtadhani ni habari za kompyuta tu.

Mara ya kwanza alikuja kutoa kopi ya cheti. Stima ikapotea, akalazimika kungoja, na iliporudi akakuta dereva mmoja wa lori amekaa kwenye ile mashine anacheza. Huyu dereva alikuwa mtu wa mji wa Maungu, mnene na mpole, na lori lake lilikuwa na tabia ya kuharibika kila likikaribia duka langu. Gemu aliyokuwa akicheza ni ya mapango. Una watu wanne, unawashusha chini ya ngome ya zamani, chumba baada ya chumba, wakipigana na mazimwi na kuokota vitu. Huko chini kuna popo wenye laana. Mtu akiumwa na popo hao anakuwa mnywa damu, na tangu siku hiyo anahitaji chupa ya damu kila baada ya muda. Chupa zenyewe ni adimu, unazikuta mojamoja vyumba vya ndani. Akipewa kwa wakati wake, ana nguvu kuliko wenzake wote. Akicheleweshwa anaanza kutetemeka, halafu anakataa amri, halafu anawageukia wenzake, na mwisho anakufa. Na katika gemu hiyo aliyekufa amekufa. Kompyuta inahifadhi kila hatua yenyewe, huwezi kurudi nyuma ukajifanya hukukosea. Dawa ni moja tu, kufika chini kabisa aliko bibi wa popo wote na kumuua, hapo laana inawatoka wote. Wengi hawafiki.

Siku hiyo mtu mmoja wa dereva alikuwa ameumwa, anatetemeka kwenye skrini, na dereva alikuwa amepeleka kidole kwenye kitufe cha kumfukuza kikosini. Sista akainama na miwani yake.

"Unamfanyia nini huyo?"

"Namfukuza, mama. Ameshakuwa mumiani huyu. Nikimwacha atanimalizia wengine."

"Anaomba nini?"

"Damu."

"Uko nayo?"

"Niko na chupa moja, lakini hiyo naiweka ya—"

"Uko nayo au huna?"

Dereva akasema anayo. Sista akavuta kiti. "Basi mpe, na uangalie saa." Dereva, ambaye nimemwona akibishana na polisi wa barabarani mpaka wakachoka wao, akatii. Yule mtu akanywa, akaacha kutetemeka. Sista alikaa pale mpaka jua likapoa, na Ijumaa akarudi bila cheti chochote.

Neno mumiani lilimkera, na alikuwa na sababu. Kazi yake miaka mingi ilikuwa friji ya damu. Alizunguka mashuleni na makanisani kuomba watu watoe damu, na kila alikofika kulikuwa na mtu wa kunong'ona kwamba hawa wenye sindano ndio mumiani wenyewe, wananyonya watu na kuuza. Kuna kijiji walifungiwa mlango wa shule wakiwa ndani, na wazee wakakaa nje kujadili wawafanye nini. Alinisimulia hayo akicheka mpaka akakohoa. "Miaka yote hiyo wananiita mumiani," alisema, "wacha sasa nimlee mmoja niwaonyeshe kazi."

Na kazi aliifanya. Hakuwapa watu wake majina, ingawa gemu inakuomba uwape. Aliwaita kama wodini: kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Kitanda cha kwanza alikuwa mzee mwenye ngao. Kitanda cha tatu alikuwa msichana mwenye upinde, mwembamba, na ndiye aliyeumwa wa kwanza. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake kwenye daftari la mistari, imepigwa rula kama chati za kule hospitalini. Amekunywa lini, ameanza kutetemeka baada ya vyumba vingapi, amekataa amri au hajakataa. Chini ya kila mstari aliweka sahihi. Nilimwambia siku moja kwamba kompyuta inakumbuka hayo yote yenyewe. Akaniangalia kama niliyemwambia atupe miwani. "Kompyuta inakumbuka," akasema, "lakini haiwajibiki."

Alikuwa na sheria moja iliyowashinda wachezaji wote wa Voi, na vijana wa bodaboda walikuja kusimama nyuma yake kuitazama ikifanya kazi. Hakumpa mtu damu kabla ya kutetemeka. Wachezaji wengi wakiona wana chupa tano wanagawa, ili kila mtu awe na nguvu. Yeye alingoja. Msichana wake akitetemeka mara ya kwanza aliandika, mara ya pili akaandika, mara ya tatu ndipo akabonyeza chupa. Vijana wakipiga kelele "Sista, mpe, atakufa!", yeye aliwajibu bila kugeuka. "Damu usimpe mtu kwa sababu umemhurumia. Mpe kwa sababu anaihitaji. Huruma yako utamnywesha nani kesho?"

Mnaweza kudhani alikuwa mtu mkavu. Alikuwa mkavu kwa watu wenye afya. Mteja akilalamika mtandao uko polepole alimuuliza kama kuna mtu anakufa. Chai yangu aliisema ina sukari ya kutosha msiba mzima, kisha akaomba kikombe cha pili. Lakini mtu akiingia amechoka kweli, kama yule mama aliyekuja kuandikiwa barua ya kuomba mwanawe aruhusiwe kufanya mtihani, Sista alimwona kabla yangu. Aliacha mapango, akampisha kiti, akamwekea maji, na hakumuuliza lolote mpaka yalipokwisha. Na mtu huyu huyu aliyefunga vidonda maisha yake yote hakuweza kutazama upanga ukimpata mtu kwenye skrini. Watu wake walipoanza kupigana aliinua daftari akaziba macho, akabonyeza kwa kukisia, akaniuliza mimi niliyekuwa kwenye mashine ya kopi, "Wameshamaliza? Nani ameumia?"

Kanisani alikuwa mtu wa mbele. Wenzake wa umoja wa akina mama walimkuta siku moja kwangu, walikuja watatu kupiga chapa ratiba ya sherehe, na pale kwenye skrini msichana mwenye macho mekundu anafuta damu mdomoni. Nilitamani kuzima taa. Mmoja akauliza hicho ni nini. "Ni mgonjwa," akasema Sista, "tena msiongee kwa sauti." Mmoja wao, baadaye kidogo, akauliza kama anaendelea vizuri.

Kabla ya kuwashusha watu wake alifumba macho na kusali, kifupi, midomo tu ikicheza. Sikuwahi kumuuliza anawaombea nini watu wasiokuwepo. Labda niliogopa angenijibu.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni hiki. Baada ya mwaka mmoja hivi wa kuja kwake, kikosi chake kilikuwa na nguvu za kufika chini kabisa. Kila mtu alilijua hilo. Yule dereva wa Maungu alimwambia wazi, "Sista, sasa unaweza kumaliza. Shuka umuue huyo bibi, laana itoke, msichana apone."

"Hali yake bado haijatulia," akasema.

"Imetulia mwaka mzima!"

"Wewe ni daktari?"

Aliendelea kushuka nusu ya njia, kuokota chupa moja mbili, na kurudi juu. Nilimtazama nikafikiri kwamba hataki apone. Akipona ataruhusiwa kwenda nyumbani, na zamu itakwisha, na Sista atabaki na mboga zake kule Mbololo, na ndovu wa kufukuza kwenye mahindi. Nilifikiri nimemwelewa. Nilijiona mwerevu, na nilifurahi pia, kwa sababu nami sikutaka zamu iishe. Mimi ni mtu wa kuzaliwa hapa Voi, wazazi wangu Wakamba waliofuata kazi ya reli, na mamangu alikufa nikiwa bado natafuta maisha. Zile Jumanne na Ijumaa zilikuwa zinanifanyia kitu. Kulikuwa na mtu anayeingia na kuniuliza kama nimekula.

Saa nane ikifika alitoa ripoti. Alinisimamisha, kwa sababu ripoti haipokelewi umekaa, hata kama nina wateja watano. Tulisimama mbele ya mashine, yeye na daftari, mimi na mikono nyuma. "Kitanda cha kwanza, ameumwa wiki iliyopita, amekunywa mara moja, ametulia. Kitanda cha pili, hana shida. Kitanda cha tatu, ametetemeka mara mbili, hajapewa, anaangaliwa. Kitanda cha nne, ana kidonda cha mguu, anapumzika. Chupa kwenye friji, tano." Mimi nilisema nimepokea, nikatia sahihi. Ijumaa akirudi nilimpa mimi ripoti, kwamba hakuna aliyegusa mashine, na yeye akatia sahihi. Mwanzoni nilifanya kumridhisha tu. Baadaye nilijikuta siku ambazo hayuko namkemea mteja asikalie kile kiti, wodi imefungwa.

Sasa nilifikie lile jambo.

Macho yake yalianza ukungu, na mwanawe akamchukua Mombasa kufanyiwa upasuaji. Ilikuwa akae wiki tatu. Siku ya kuondoka alinipa ripoti ndefu kuliko zote, vitanda viwili vyenye laana sasa, cha kwanza na cha tatu, na chupa tano. Akasema, "Usiwashushe. Waangalie tu." Nikasema nimepokea. Nikatia sahihi.

Wiki ya kwanza niliwaangalia. Wiki ya pili nikapata wazo. Nilitaka arudi na macho yake mapya akute friji imejaa, chupa kumi, kumi na mbili, acheke. Nilikuwa nimemtazama zaidi ya mwaka, nilidhani kazi naijua. Ikawa Jumatano asubuhi, duka halina watu, nikakalia kiti chake.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mamangu angelielewa. Kwetu mtu haanzi safari na njaa. Hata mgeni aliyeingia kuulizia njia hatoki bila kuonja kitu. Niliwatazama wale wawili, yule mzee na yule msichana, wamesimama mlangoni mwa pango, na njia ni ndefu, na nikaona ni ukatili kuwapeleka hivyo. Nikawanywesha kabla hawajatetemeka. Mzee chupa mbili, msichana chupa mbili. Nilijisikia vizuri kabisa. Nikashuka na moja iliyobaki.

Sikujua, kwa sababu sikuwahi kusoma daftari ila kulitia sahihi, kwamba mnywa damu akishibishwa kabla ya njaa yake, njaa inayofuata inakuja upesi zaidi. Sista alikuwa ameliandika, mwanzoni kabisa, na kulipigia mstari. Vyumba kumi na viwili chini, bila kuokota hata chupa moja, wote wawili wakaanza kutetemeka pamoja. Nikageuza njia. Popo wakafunga njia. Msichana akakataa amri ya kwanza.

Nilikuwa na chupa moja na wenye njaa wawili. Nikampa mzee. Nilijiambia mzee ndiye mwenye ngao, ndiye atakayewatoa wote. Nilitegemea msichana awageukie wenzake, lakini hakuwageukia. Aligeukia ukuta. Alikaa hivyo zamu mbili za gemu, halafu kompyuta ikaandika kwamba amekufa, na kwa kuwa inahifadhi kila kitu yenyewe, ikahifadhi.

Nililia dukani kwangu, mtu mzima, mchana kweupe, kwa sababu ya picha. Mteja aliyeingia alinipa pole akadhani nimefiwa, nami nikaipokea.

Kisha nikafanya jambo la pili, ambalo mamangu asingelielewa. Gemu inakuruhusu kuandika watu wapya. Nikatafuta msichana mwenye upinde, mwembamba, nywele zilezile. Nikampa nguo za marehemu. Alikuwa mzima, hana laana, kwa hiyo ikabidi nimshushe na kumsimamisha mbele ya popo wamuume, nao siku mbili nzima walimkwepa, wakamrukia yule mzee tu aliyekwisha kuumwa. Alipoumwa hatimaye nilishangilia. Nikatafuta chupa mpaka zikafika tano, kama zilivyokuwa. Sista aliporudi, amevaa miwani myeusi, nilisimama mikono nyuma nikampa ripoti.

"Kitanda cha tatu?" akauliza.

"Ametulia, Sista. Hakuna shida."

Akakaa. Akavua miwani. Alimtazama yule msichana muda mrefu, nami nikasema ni macho mapya, anajifunza kuyatumia. Halafu akafungua daftari, akageuza ukurasa, akapiga rula karatasi mpya ya kitanda cha tatu, kuanzia juu. Nilidhani ile ya zamani imejaa. Akatia sahihi kwamba amepokea.

Miezi minane tuliendelea hivyo. Alimlea yule wa bandia kama alivyomlea yule wa kweli, akiandika, akingoja, akisali midomo ikicheza. Nilikuwa nimeanza kumkosa akiwa amekaa mbele yangu. Kuna wakati angegeuka kuniuliza jambo dogo, kama nina kalamu, nami ningeikimbilia ili asinitazame zaidi. Nilitaka kumwambia na nilitaka aendelee kuja, na niliamini siwezi kuyapata yote mawili.

Halafu akaacha kuja. Jumanne moja, nikasema labda mvua. Ijumaa, nikasema labda mazishi ya mtu. Wiki iliyofuata dereva wa Maungu, ambaye lori lake lilipita na Mbololo, akaniambia Sista amevimba miguu, hatoki nyumbani. Nikafunga duka Jumapili baada ya ibada, nikapanda gari langu kuukuu, nikaenda. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona.

Alikuwa ameketi nje ya jikoni, miguu juu ya kigoda, anachambua mchicha. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema nadanganya, nikaletewa ugali. Nilikula nusu nikaweka sahani chini.

"Sista, kitanda cha tatu alikufa."

"Najua," akasema, akaendelea kuchambua.

"Alikufa ulipokuwa Mombasa. Yule uliyekuwa naye ni mwingine."

"Wangu mimi akishapewa damu alikuwa anangoja kidogo ndio anainuka. Huyo wako anaruka. Na karatasi si nilimfungulia mpya siku hiyohiyo? Ulikuwa hapo. Mgonjwa mpya anafunguliwa karatasi mpya."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja ripoti." Akaweka sinia pembeni, akafuta mikono. "Haya, lete."

Nikasimama. Nilisimama pale uani kwake, kuku wanapita, mikono nyuma, nikampa ripoti yote. Chupa tano, nne nimezitoa kabla ya kutetemeka. Vyumba kumi na viwili. Wote wawili pamoja. Chupa moja. Nilipofika hapo akaninyooshea mkono ninyamaze.

"Ulimpa nani?"

"Kitanda cha kwanza."

"Kwa nini yeye?"

"Niliona ndiye anaweza kupona."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa. "Ndivyo nilifanya na mimi," akasema.

Akanieleza. Ilikuwa hospitali ndogo, zamani, akiwa yeye mwenye ufunguo wa friji. Akina mama wawili walikuwa wamejifungua asubuhi moja na wote wanavuja damu, na kundi lao la damu ni moja, na painti ya damu iliyobaki kwenye friji ni moja. Gari lililotumwa kuleta nyingine lilikuwa bado liko njiani. Daktari alikuwa na mikono miwili tu, akamwambia, Sista, amua. Mmoja alikuwa wa hapo karibu, kitanda cha pili, ameletwa mapema, bado anaongea. Mwingine alikuwa ametoka Kasigau, ameletwa juu ya lori la magunia, midomo imeshakuwa myeupe. Yeye ndiye alikuwa kitanda cha tatu.

"Yule wa hapo karibu yuko hai," akasema. "Tunasalimiana sokoni. Hajui kitu. Yule wa Kasigau hakufika saa sita." Akanitajia jina lake lote, majina matatu. Sitaliandika hapa. "Bwana yake akaja jioni na nguo za mtoto kwa mfuko wa karatasi. Akaambiwa damu iliisha. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Damu haikuwa imeisha, mwanangu. Ilikuwa inaning'inia kitanda cha pili, anaiangalia kwa macho yake, na hajui anaangalia nini."

Nilimfukuza kuku aliyekuja kudonoa sahani yangu.

"Nilisema nitaenda Kasigau nimwambie huyo bwana. Si kuomba msamaha, hapana, ningeamua vilevile hata leo. Ni kumpa ripoti tu. Ajue damu ilikuwako, na ni nani aliamua, na ni kwa nini. Nikasema nikipata likizo. Nikapata likizo nyingi." Akavuta sinia ya mchicha. "Wewe umekuja. Umechelewa miezi minane, lakini umekuja ukasimama."

Alinifungia mchicha na ndizi mbivu, akanikemea kwa kuacha ugali. Jua lilikuwa bado juu ya vilima niliposema niende, na akanisindikiza kwa macho mpaka kwenye gari, maana miguu haikuruhusu.

"Hilo gari lako," akasema kutoka kwenye kiti, "linapanda vizuri?"

"Linapanda, Sista. Linalalamika lakini linapanda."

"Na barabara ya Kasigau siku hizi ikoje?"

Nikamwambia ukweli, nilivyousikia kwa yule dereva wa Maungu. "Mbaya, Sista. Mvua imeichimba yote. Mtu haendi huko kama hana lazima."

"Haya," akasema. "Endesha pole."

Niliteremka nikiwa mwepesi kuliko nilivyokuwa miezi minane yote, nikiimba hata, mchicha umelala kiti cha pembeni. Nilikuwa nimefika Voi, nimeshashika kufuli ya duka, ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa ananiuliza habari za barabara.